Mabaki ya dawa ya kulevya ya methamfetamini: upime kila nyumba ya kupanga au iliyoshukiwa tu?

Huko New Zealand, mwenye nyumba ana njia mbili. Ya kwanza ni kupima kabla ya kila mpangaji kuingia, kwa kiwango cha mwaka 2017: mikrogramu 1.5 kwa sentimita 100 za mraba. Ya pili, aliyoipendekeza Peter Gluckman, mshauri mkuu wa sayansi wa waziri mkuu wakati huo, mwaka 2018, ni kupima panaposhukiwa kupikwa dawa hiyo au kuvutwa kupita kiasi, na kiwango cha kutia wasiwasi kiwe mikrogramu 15 kwa eneo hilohilo.

Mimi naunga mkono ya pili. Viwango vikali viliwatoa watu kwenye nyumba za serikali kwa mabaki ya moshi ambayo hayakuthibitika kumdhuru yeyote. Shirika lenyewe la nyumba hizo, Housing New Zealand, liliomba radhi. Palipopikwa dawa hiyo ni habari nyingine kabisa: pima, safisha, ndipo ukabidhi funguo.