Gereji ya Changamwe Inayopima Nyaya Kabla ya Kuuza Kompyuta

Kwa muda wa miezi miwili taa za breki na usukani zilikuwa zikiwaka kwa pamoja kwenye dashibodi ya gari langu, hasa nikiwa katika foleni ya Makupa hapa Mombasa na kiyoyozi kimewashwa, kisha zinazimika zenyewe. Gereji ya kwanza iliniambia ninunue kompyuta nyingine ya breki. Nashukuru sikuinunua, kwa sababu mafundi wa umeme wa gereji moja ya Changamwe, ambayo ndiyo ninayoitathmini hapa, walianza na nyaya.

Kompyuta za gari huwasiliana kwa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo CAN (Controller Area Network), iliyobuniwa na Bosch na kutangazwa mwaka 1986. Ujumbe hupita katika nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na kila mwisho wa mtandao una kikinza, kifaa kinachopunguza mkondo wa umeme, cha omu 120 (omu ni kizio cha ukinzani). Betri ikiwa imechomolewa nyaya zake, fundi aliweka ncha za mita kwenye tundu namba 6 na namba 14 za soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, akapata omu 60, kipimo kinachotakiwa, kwani vikinza viwili vya 120 vilivyounganishwa sambamba hupimwa kama nusu yake. Wengi wangeishia hapo. Yeye alimwomba mwenzake atikise fungu la nyaya lililopita chini ya zulia la abiria, na papo hapo mita ikaruka hadi 120, maana yake upande mmoja ulikuwa ukikatika. Zulia lilipoinuliwa tuliona plagi imeota kutu ya kijani: mpira wa kutoa maji ya kiyoyozi ulikuwa umeziba, na maji yakarudi ndani.

Nilimuuliza mbona gari liliendelea kwenda. Alinieleza kwa subira kwamba kila ujumbe hubeba biti 15 za kukagua usahihi, kwamba ujumbe wenye kosa hukataliwa na kutumwa upya, na kwamba kompyuta ambayo hesabu ya makosa yake ya kutuma imepita 255 hujitoa mtandaoni ili isizivuruge nyingine. Nauamini utaratibu huo, ila ndio uliotufichia plagi inayooza kwa miezi miwili. Isitoshe, aina ya CAN inayoweza kuendelea kwa waya mmoja ni ile ya mwendo mdogo, isiyozidi kilobiti 125 kwa sekunde, ambayo baadhi ya magari huitumia kwa milango na vioo. Injini na breki hutumia ile ya kasi, isiyo na kinga hiyo, kwa hivyo anayekuhakikishia kwamba mtandao wa gari hustahimili kila hitilafu asikubabaishe.

Nina malalamiko mawili. Baada ya kubadilisha plagi na kuzibua mpira walipima gari likiwa kavu. Ilibidi niwaombe wawashe kiyoyozi nusu saa kisha wapime tena, na kwa unyevu na chumvi ya pwani yetu, kipimo hicho kingepaswa kuwa desturi yao. Pia walinipa matokeo kwa mdomo tu. Niliporudi baada ya wiki tatu, mita ilionyesha omu 60 hata nyaya zilipotikiswa, na safari hii niliiandika namba hiyo mwenyewe nyuma ya risiti.