Altezza na Impreza STI: Nimezipeleka Sifa za Kijiweni Mlima wa Lushoto

Haya, habari za asubuhi wapenzi wa magari. Tuko Raskazone, Tanga, jua ndiyo kwanza linachomoza baharini, na nyuma yangu yamesimama magari mawili ambayo ukipita nayo kwenye kijiwe chochote cha Ngamiani watu wanaweka vikombe vya kahawa chini na kugeuka. La kijivu ni Toyota Altezza RS200, gia za mkono. La buluu ni Subaru Impreza WRX STI ya 2004. Yote mawili si yangu. Nimeazimwa na wenyewe kwa siku mbili, na nimewaahidi kitu kimoja tu: nitasema nilichokiona barabarani.

Tangu niko shule ya msingi nasikia maneno yale yale. "Altezza linaruka." "Subaru lile halishikiki." "Jamaa alilala 240 Segera mpaka Korogwe." Tuanze na hiyo 240 ili tuimalize. Magari haya yaliuzwa Japani yakiwa na kizuizi cha kiwandani kwenye kilomita 180 kwa saa, na dashibodi ya Altezza hii hapa, sogeza kamera, inaishia 180. Kama hakuna mtu aliyeondoa kizuizi na kubadilisha saa ya mwendo, hiyo 240 mtu aliisoma wapi? Mimi sikutafuta hata 180. Nilitaka kujua gari linakupa nini kwenye barabara zetu, kwa mafuta yetu, kwa mwendo ambao trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo atakutazama tu ukipita.

Kwa hiyo njia ni hii: Raskazone, Pongwe, Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, kisha tunapanda Lushoto. Ukitoka Mombo una kilomita 30 na ushee za lami nyembamba, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, kona juu ya kona hadi Soni, halafu unaendelea kupanda hadi Lushoto kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Gari linaloringa kwa kona, hapo ndipo mahali pake.

Altezza kwanza, na kabla hatujawasha naomba tufungue boneti. Binamu yangu alinunua "Altezza" kwa akiba ya miaka minne. Mwuzaji alimwambia ndiyo lile lenyewe, la mbio, na kadi ya gari ikaonyesha injini ya karibu cc 2,000 kama alivyotarajia. Wiki ya pili akalipeleka kwa fundi wa Makorora, mzee wetu ambaye kila kijana wa magari hapa mjini anamwamkia shikamoo. Mzee akainua boneti, akatazama kidogo, akasema, "Mwanangu, hii ni injini ya Mark II." Na kweli. Altezza zilitoka za aina mbili kubwa. AS200 ina injini ya 1G-FE, silinda sita, ile ile iliyomo kwenye Mark II GX110 ya lita mbili, hospawa 160. RS200 ina 3S-GE, silinda nne, kichwa chake kimeundwa kwa ushirikiano na Yamaha, na yenye gia za mkono inatoa hospawa 210. Kwenye kadi moja ni cc 1,988 na nyingine ni 1,998. Ukitazama cc peke yake huwezi kuzitofautisha. Tazama namba ya chesisi: SXE10 ni RS200, GXE10 ni ile ya binamu yangu. Injini ya 1G si mbaya hata kidogo, inavumilia na kila fundi anaijua. Kinachoniuma ni kijana aliyelipa bei ya jina akapewa utulivu wa Mark II, halafu akabaki anajiuliza kama yeye ndiye hajui kuendesha.

Hii ya leo ni SXE10. Nimesoma namba kwa macho yangu.

Tumetoka mjini. Barabara za Ngamiani, bajaji, baiskeli, tuta, tuta tena. Na hapa nawaambia wazi: mjini Altezza hii haina haraka. Ukikanyaga mafuta ukiwa gia ya tatu kwenye mizunguko 2,000, inakusikiliza, lakini haiitiki upesi. Sababu imeandikwa kwenye injini yenyewe. Nguvu yake kubwa ya kuvuta inafika kwenye mizunguko 6,400 kwa dakika, na hospawa zote 210 zinapatikana kwenye 7,600. Ni injini ya kupanda juu, na mjini huku juu hufiki. Mtu aliyezoea Mark X ya V6 akikaa humu dakika tano za kwanza atasema nimedanganywa.

Hiyo Mark X niiseme kwa ufupi maana mmeniuliza sana. Ya 2.5, hospawa 215, gia sita za otomatiki. Kwa safari ya Segera hadi Korogwe inaovateki lori bila kuhema na kiti kinakulea. Inasifiwa kwa safari ndefu na sifa hiyo ni ya kweli. Kona si kazi yake. Tuendelee.

Mombo. Nimezima redio, nimeshusha kioo. Kona za kwanza tu, na gari likabadilika mikononi mwangu. Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye jambo lenyewe. Nilikuwa kwenye kilomita 50 kwa saa. Gia ya pili, mshale wa resi uko karibu na 4,000. Bado sijaufikia ule utamu wa injini. Ili uufikie kwenye gia ya pili lazima uwe unakaribia 80, na kwenye kona ya kipofu ambayo Coaster ya abiria au lori la kabichi linaweza kutokea upande wa pili, 80 ni kutafuta kuua watu. Kwa hiyo nguvu iliyolipatia gari hili jina, kwenye mlima huu hutaitumia. Na bado nilikuwa nafurahi kuliko siku nyingi nilizowahi kuendesha gari lolote!

Kwa nini? Usukani. Unaugeuza kidogo na pua ya gari inakwenda kidogo, hivyo hivyo ulivyotaka, na viganja vinasikia lami ikibadilika pale ilipochubuka. Gari linasukumwa na tairi za nyuma, kwa hiyo za mbele zina kazi moja tu ya kugeuka. Ukiwa katikati ya kona unagusa mafuta taratibu, unasikia mgongo wa gari ukiinama na kukusindikiza nje ya kona. Na ile gia yenyewe, kirungu kidogo cha chuma, safari yake ni fupi. Kutoka ya pili kwenda ya tatu ni mkunjo wa kifundo cha mkono. Nilijikuta nabadili gia pale ambapo sikuhitaji, kwa raha ya kuibadili. Nikifika Soni, karibu na maporomoko, nilisimama pembeni nikaandika kwenye daftari: kilomita 50, na inatosha.

Kijiweni wanalisifu kwa mbio, na kwa mbio litakuangusha. Lilitoka 1998 na likapewa tuzo ya Gari la Mwaka la Japani la 1998–1999, na nikiendesha naelewa kwamba waliolitengeneza walikuwa wanawaza mtu anayependa kuendesha. Watu wamelisifu gari sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

Sasa Subaru. Hili nililipenda kabla sijajua kusoma. Sisi Afrika Mashariki tuna haki nalo kidogo. Mashindano ya magari ya Safari Rally yalianzishwa 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Impreza ilikuja kushinda Safari ile 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, kisha ikashinda tena 2000 na Richard Burns. Mtu mzima akikwambia Subaru ni gari la vumbi na matope, hakusoma tangazo. Alisimama kando ya barabara akaliona.

Nimewasha. Na mtu wa kamera akanitazama, maana alingoja ule mngurumo, ule wa "budu-budu-budu" ambao hata mtoto anaujua. Haukuja. Ule mlio unatokana na mabomba ya eksozi yanayotoka kwenye injini ya boksa, ile ambayo silinda zake zimelala kulia na kushoto, yakiwa na urefu usiolingana, moshi wa silinda unafika kwa zamu isiyo sawa. STI za Japani za miaka hii, kama hii ya 2004, zina mabomba yenye urefu unaolingana kwa ajili ya tabo yake, ile feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili kuisukumia injini hewa zaidi, na mlio unakuwa laini zaidi. Ukikuta STI ya Japani ya miaka hiyo inanguruma sana, uliza nani amebadilisha nini.

Kwenye nguvu, sina la kupunguza. Japani walitangaza hospawa 280, ambacho ndicho kiwango ambacho watengenezaji wa kule walikubaliana kutokukivuka kwenye matangazo yao hadi 2004. Mshale ukipita 3,000 tabo inaamka, na nguvu ya kuvuta ni karibu mara mbili ya Altezza. Kwenye mnyooko baada ya Muheza, gia ya tatu, nimekanyaga kama sekunde mbili nikaondoa mguu, maana tayari tulikuwa tunakaribia kibao cha 50 na rasta za kijiji zilikuwa mbele. Sekunde mbili! Halafu breki za Brembo zikalishika kama mtu aliyekuvuta shati. Baada ya hapo ni kungoja. Unakwenda 80, gari limenyamaza, klachi nzito, shokapu ngumu zinakuhesabia kila kiraka cha lami, na wewe unajua una chakula kingi mbele yako na huruhusiwi kula. Mlima wa Lushoto ulilipanda bila kujua kama ni mlima. Injini isiyo na tabo hupungukiwa kadiri hewa inavyokuwa nyepesi huko juu, hii tabo yake inafidia. Lakini kwa 50 kwa saa kona zile zilipita bila gari kuniambia neno. Lilikuwa halijaanza hata kufanya kazi.

Ningeishia hapo ningelionea. Siku ya pili mvua ilinyesha usiku, na mwenye shamba mmoja karibu na Pongwe akaturuhusu kupita njia zake za ndani, katikati ya mkonge, udongo mwekundu umelowa. Kilomita 40 kwa saa. Altezza tuliliacha kwenye lami, lisingefika popote. Subaru likaingia, na hapo, jamani, nikaliona lile la kwenye Safari. Tairi nne zinagawana kazi, mkia unateleza kidogo, unaongeza mafuta badala ya kupunguza, na gari linajinyoosha lenyewe kuelekea unakotazama. Uzito wa injini ya boksa umelala chini kabisa kwa hiyo bodi haiyumbi. Nilipita njia ile mara sita. Kama unaishi kwenye njia ya udongo na mvua za masika zinakukuta kila mwaka, sifa ya gari hili utaipata kila siku kwa mwendo wa kawaida. Kama unaishi Chumbageni na kazi yako iko bandarini, utalipa mafuta yake na hutaipata.

Na mafuta ndiyo jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Magari yote mawili yaliundwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo pampu za kule huiuza kwa oktani, yaani kipimo cha petroli kuvumilia kubanwa bila kulipuka mapema, ya karibu 100. Altezza ya gia za mkono inabana mchanganyiko kwa uwiano wa 11.5 kwa 1. Mafuta ya oktani ya chini yanataka kulipuka kabla ya wakati, injini inagonga. Kitambuzi kinasikia kugonga huko na kuchelewesha moto wa plagi ili kuokoa pistoni, na wewe unapoteza nguvu bila kuambiwa. Kwenye injini ya tabo mchezo huo ni hatari zaidi, pistoni zinavunjika. Kwa hiyo hospawa za kwenye karatasi ni za kule. Weka petroli bora unayoweza kuipata, na ukisikia mlio wa kokoto kwenye injini ukipanda mlima, punguza mguu hapo hapo.

La mwisho ni la kwetu watu wa pwani. Lala chini ya gari. Hizi chuma zina zaidi ya miaka 20, na gari lililolala Raskazone au Pangani miaka kadhaa limekula chumvi. Rangi ya juu inang'aa, huku pembeni mwa shokapu za nyuma na chini ya milango ukigonga kwa bisibisi inaingia ndani. Nenda na tochi na kipande cha boksi cha kulalia. Mwuzaji akikuharakisha, funga tochi yako uondoke.

Jioni ile niliposhuka Lushoto na Altezza niliiacha gia ya pili mlima mzima, breki nikizigusa tu kwenye kona kali, injini ikilishikilia gari yenyewe na mlio wake ukirudi kutoka kwenye ukuta wa jiwe. Nilifika Mombo giza limeingia. Mwenye gari alikuwa ananingoja kwa simu, akaniuliza limekwendaje. Nikamwambia, "Kaka, siku ukitaka kuliuza, nianze mimi."