Kwenda Kidike kuona popo wa Pemba

Kwa wanaoniuliza kama Kidike panafaa kwenda: panafaa, na nendeni alasiri. Ukitoka Chake Chake unapanda gari hadi upande wa Mjini Ole, kisha unaiacha barabara kuu na kuingia njia ya mashamba, kwa miguu au kwa bodaboda. Sisi tulitembea, kwa sababu mtoto wa kaka yangu alitaka hivyo. Popo utawasikia kabla hujawaona, maana hata mchana hawaachi kugombania matawi. Wananing'inia juu ya miti mirefu, makundi kwa makundi, manyoya mekundu ya hudhurungi yanang'aa kwenye jua. Akikunjua mabawa mmoja wao, pima kama mita moja na nusu. Ni wa Pemba tu hawa. Kwengine kokote duniani hawapo.

Mwongozaji wetu ni kijana wa hapo hapo kijijini, na sifa nyingi nampa yeye. Mgeni mmoja alianza kupiga makofi ili popo waruke apate picha. Kijana hakumfokea. Alimwambia, "Sheikh, saa hizi wamelala. Ukiwarusha unawachosha bure, na wengine wamebeba watoto." Makofi yakakoma. Akatueleza jinsi walivyowindwa kwa nyama na misitu ikakatwa, mpaka kufika mwaka 1989 wakawa wachache mno, na jinsi wanakijiji walivyoamua kuwalinda. Mwaka 1996 popo huyu aliwekwa kwenye daraja ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani. Baadaye walikadiriwa kufika 20,000 hivi. Kazi hiyo wameifanya Wapemba wenyewe, nami naiheshimu sana.

Kuna mtembezaji wageni wa mjini aliyekuwa ametuambia tusiende, eti popo ni maradhi matupu. Mtoto wa kaka yangu akalibeba neno hilo mpaka chini ya miti. "Shangazi, kama wana virusi, mbona wao hawafi?" Mwongozaji akacheka, akanielekezea mimi, kwa kuwa nilishamwambia nafanya kazi maabara. Swali lile lilitukalisha pale muda mrefu.

Jamii ya popo hawa, Pteropus, ina ndugu wengi Asia na Australia. Ni kweli kuwa baadhi yao hubeba virusi vizito: Nipah iliyoua watu Malaysia mwaka 1998 na 1999 ilitoka kwao. Lakini popo mwenyewe kwa kawaida haumwi, na sehemu ya sababu imo ndani ya jeni zake, yaani vinasaba anavyorithi. Mwaka 2013 wanasayansi walisoma jeni za popo mweusi wa Australia, mmoja wa ndugu hao, wakakuta familia nzima ya jeni zinazowasha uvimbe wa mwili unapopigana na maradhi, ambayo sisi tunayo, kwao imepotea. Miaka michache baadaye ikaonekana kuwa interferoni, ile protini ya kuzuia virusi ambayo kwetu hutoka tukishaambukizwa, kwa popo yule iko kazini muda wote, hata akiwa mzima. Na jeni za interferoni alfa, aina mojawapo ya protini hiyo, anazo tatu tu, wakati binadamu ana 13. Hakuna aliyempangia. Vizazi na vizazi, aliyedhurika na virusi, au na ukali wa mwili wake mwenyewe katika kupigana navyo, aliacha watoto wachache. Aliyestahimili akaacha wengi.

Tena haihitaji mamilioni ya miaka. Mwaka 1950 Australia iliwaachia sungura wa mwituni virusi vya myxoma makusudi ili wafe, na walikufa kwa wingi wa kutisha. Virusi hivyo vikafika Ufaransa na Uingereza. Watafiti walipolinganisha sungura wa zamani waliohifadhiwa makumbusho na sungura wa sasa, matokeo yakatoka mwaka 2019: katika nchi zote tatu, kila moja kivyake, jeni zile zile za kinga zilikuwa zimebadilika, mojawapo ikiwa ya interferoni.

Sasa hapa ndipo moyo wangu uliposhikwa. Idadi ya popo wetu imerudi, lakini je, aina za jeni zao za kinga zilipona? Wanyama wakibaki wachache, aina nyingi hupotea, na watoto hata wakiwa elfu ngapi watarithi kile kilichobaki tu. Katika kisiwa cha San Nicolas, California, kuna mbweha ambao jeni zao karibu zote zinafanana, lakini zile za MHC, zinazosaidia mwili kuwatambua wadudu wa maradhi, bado zina tofauti nyingi. Uteuzi wa asili, yaani ule wa anayestahimili kuacha watoto wengi, umezilinda hizo wakati nyengine zote zikipungua. Kisiwa kwa kisiwa, ningependa sana kujua popo wa Pemba wamesimama wapi. Kinyesi kilichoanguka chini ya miti kina seli za kutosha kuanzia. Vijana wetu wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wapewe kazi hii, na majibu yabandikwe kwenye ubao pale Kidike, kwa Kiswahili.

Ya matumizi: chukueni darubini, viatu vya kufunika miguu, na kofia, maana juu ya kichwa wanajisaidia bila kuuliza. Popo aliyeanguka msimshike. Embe au shelisheli lililotafunwa nao msile, hata mlioshe vipi. Kaeni mpaka magharibi inakaribia mwaone wanavyoanza kutoka kutafuta chakula, na kabla ya kwenda semeni na dereva wa kukurudisheni, maana gari za jioni hazina uhakika. Kiingilio mlipe pale pale kijijini, ndio waliokuwa wakilinda miti hiyo tangu popo wenyewe wakihesabika.