Matembezi ya ndege Arabuko-Sokoke: mwongozaji ndiyo, nusu siku hapana

Kuingia msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, bila mwongozaji ni kupoteza mafuta ya gari. Waongozaji wanaopatikana kituo cha Gede ni wenyeji, na wanawatambua ndege kwa sauti kabla hujashika darubini. Tatizo ni vifurushi vya nusu siku vinavyoahidi kila kitu.

Kilomita za mraba 420 hivi, lakini ni misitu mitatu ndani ya mmoja: msitu mchanganyiko upande wa Gede, miti ya mirihi (Brachystegia) kwenye mchanga mweupe, na vichaka vya miti ya Cynometra kwenye udongo mwekundu. Asubuhi moja inatosha miwili tu. Chagua mirihi na udongo mwekundu.

Kwenye mirihi, uwe umefika kunapopambazuka. Chozi wa Amani, ndege mdogo, hula juu kabisa penye vilele vya miti, akiandamana na kundi la ndege mchanganyiko. Kundi likipita, limepita. Kwera wa Kilifi asikuahidi mtu. Ndege huyu huenda kuzaliana kwenye vinamasi vya Dakatcha, nje ya msitu huu, na viota vyake viligunduliwa huko mwaka 2013 tu.

Kwenye udongo mwekundu, bundi mdogo wa Sokoke ndiye kipimo cha mwongozaji. Ana sentimita 16 hivi, na mchana hujibanza ndani ya kichaka, mara nyingi dume na jike bega kwa bega. Mwongozaji makini hukuacha barabarani, akaingia peke yake kuwatafuta, kisha akaita watu wawili wawili. Akiingiza kundi zima kwa mpigo, bundi huruka na hamumwoni tena. Flashi izimwe. Na anayecheza rekodi ya sauti ya ndege mfululizo mkataze: ndege anaacha kula ili amfukuze mpinzani asiyekuwepo.

Darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane) inafaa kuliko ya 10x42 (mara kumi), kwani humu mna giza, ndege wako karibu na hawatulii. Vaa suruali ndefu, uichomeke ndani ya soksi, kupe wapo. Baada ya mvua udongo mwekundu huteleza vibaya, gari dogo lisijaribu. Kabla ya kulipa, uliza kama bei ina ada ya kuingia na usafiri wa ndani.

Ukija kati ya Aprili na Oktoba, ongeza alasiri moja upande wa Gede kumtafuta ndege aitwaye Geokichla guttata, mgeni kutoka kusini mwenye madoa kifuani. Yeye hutafutwa chini, anakochakura majani makavu.