Jukwaa la Kobe wa Maji Kuota Jua: Vifaa Gani Ununue Dodoma

Malalamiko ya wafugaji ni yaleyale: jukwaa limewekwa, kobe anapanda vizuri, kisha asubuhi moja anakutwa amekufa chini yake. Lawama hutupiwa maji machafu, wakati mara nyingi kobe alizama. Anavuta hewa kwa mapafu, na akibanwa chini ya maji usiku kucha hafiki asubuhi.

Ndiyo maana hapa sipimi uzuri wala ukubwa wa jukwaa, napima upenyo. Kobe akijiingiza mahali panapozidi kuwa pembamba, ni nadra kurudi nyuma. Husukuma mbele mpaka anakwama. Pabaya kuliko pote ni chini ya ngazi ya kupandia, inapokutana na sakafu. Kila uwazi, hata ule kati ya jukwaa na kioo, uwe mdogo kuliko kichwa chake au ufike mara moja na nusu ya upana wa gamba. Anakua, kwa hiyo pima upya kila miezi mitatu.

Namba moja, bila ubishi, ni fremu ya bomba la PVC la nusu inchi na kigae cha sentimita 30 kwa 30. Nunua elbo 8 (viungo vya kona) na tii 8 (viungo vya njia tatu). Tengeneza miraba miwili, wa juu na wa chini, kila mmoja kwa elbo nne na tii nne, kisha iunganishe kwa miguu minne kwenye tii. Toboa matundu ya milimita 6 kwenye miguu na miraba. Hewa ikibaki ndani, fremu inaelea na kupinduka. Usitie gundi, vipande vikishindiliwa vinashika na utavifungua kusafisha. Kigae kigeuze, upande wa mistari uwe juu, kwa kuwa upande unaong'aa ukilowa unateleza. Kikae sentimita 3 hadi 5 juu ya maji ili gamba la tumboni likauke kabisa. Zungushia fremu wavu wa plastiki wenye matundu yasiyofika sentimita 1, ukaze kwa kebo tai. Ngazi iwe ya wavu mgumu, mwinuko usizidi nyuzi 30, na pembeni uzibe vilevile. Maji yetu yana chumvi, kigae kitashika ukoko mweupe: sugua kwa siki, suuza.

Kinachoudhi ni kwamba bomba huuzwa la mita 6, na kazi hii hutumia kama nusu yake. Maduka mengi ya hadiwea hayakati, na yanayokata yanakutoza kipande karibu bei ya bomba zima. Hiyo si haki. Ongea na fundi bomba, mabaki yake yanatosha.

Namba mbili ni mawe ya majabali, kwa karo au beseni la nje tu; kwenye tangi la kioo yakiporomoka ni hasara. Makubwa yakae chini, kila upenyo ujazwe vidogo, ugandishe kwa silikoni isiyo na dawa ya ukungu, usubiri siku tatu.

Visiwa vya plastiki vyenye vinyonyo ni vya mwisho. Vinyonyo huachia, kisiwa kinainama upande mmoja, na mtego umeshajitega. Jike la kobe mwenye masikio mekundu huweza kupita sentimita 25, kisiwa hakimbebi. Jukwaa la mbao huoza, la povu hutafunwa.

Taa ya UVB, yaani ya mionzi ya jua ambayo kobe huihitaji kutengeneza vitamini D? Taa ya mrija ya Arcadia T5, sifichi kwamba naipendelea, ubadilishe kila miezi 12 hata kama bado inawaka. Ila jua la Dodoma ni bure: toa beseni nje asubuhi, nusu yake iwe kivulini. Dirishani haisaidii, kioo huzuia UVB. Na wauzaji wanaokupa LED ya zambarau wakiapa ni UVB, waambie wakuonyeshe neno hilo kwenye boksi. Kama halipo, rudisha hela mfukoni.