Mwaka na nusu na gari yangu ya Toyota Aqua hapa Pemba, nawaambia ukweli

Mie nilikuwa mtu wa Escudo. Miaka 9 nimeiendesha, gari ya juu, gunia la karafuu linaingia, pwani ya Vumawimbi kupitia msitu wa Ngezi baada ya mvua unakwenda na unarudi. Wakati ule Pemba mtu akisema anatafuta gari ni Escudo au RAV4, anayetaka kujionesha ndo anachukua Carina. Sasa hivi kaa Chake Chake pale mjini nusu saa tu utazame, vigari vidogo vidogo tu, Vitz, IST, Note, Aqua. Vijana wanaota Crown na Harrier lakini wengi wanaishia kuzitazama kwenye simu. Na wala si kwamba tumependa vigari, petroli ndo imetupendesha.

Basi na mie nikauza Escudo nikachukua Aqua ya 2013. (Kwetu gari mpya ni ile iliyoshuka melini juzi, hata kama Mjapani kaichoka miaka 10 iliyopita.) Ilipofika nyumbani jirani akaizunguka mara mbili kisha akaniuliza, "Yakhe, hii utaichaji wapi, na umeme wetu wenyewe unatoka Tanga chini ya bahari?" Suali hili nishalijibu mpaka nimechoka kwa hiyo naliandika hapa: Aqua haichomekwi popote. Ina injini ya petroli ya cc 1500 na mota ya umeme, betri kubwa imekaa chini ya kiti cha nyuma, inapata chaji injini ikifanya kazi na pia ukiteremka au ukikamata breki. Na Pemba ni panda shuka tupu, ukimaliza kupanda unateremka, ile mishale kwenye skrini inageuka inarudi kwenye betri, mie mpaka leo nnaitazama kama mtoto.

Mafuta sasa. Nnakaa Wete nafanya kazi Chake, kwenda na kurudi kama kilomita 60. Escudo ikinipa kilomita 9 kwa lita, tena nikiendesha kwa adabu. Hii nnajaza tenki mpaka juu naandika kwenye daftari, inacheza 21 mpaka 23. Aqua zilipoanza kuuzwa Japani Desemba 2011 walisema zaidi ya 35, hiyo sahau, waliopima hawakuwa na AC imefunguliwa na mama mkwe nyuma na mkungu wa ndizi.

Mama mkwe mwenyewe siku ya kwanza tulisimama kupisha ng'ombe, injini ikajizima kama kawaida yake, kimya. Akashika mlango anataka kuteremka, "Mwanangu, imekufa hii, tushuke tuisukume." Ng'ombe wakapita, nikakanyaga ikaondoka bila mlio, akasoma Ayatul Kursiy mpaka tumefika.

Ubaya wake upo. Iko chini mno, sentimita 14 tu kutoka ardhini, njia ya kwetu ya ndani ishakula plastiki ya bampa ya mbele, Ngezi nishaacha kwenda nayo. Redio inakamata masafa ya Japani, inaishia 90, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo mpaka ufungiwe kile kidude cha kuongezea. Na kila nikiwasha kuna bibi wa Kijapani ananiambia maneno kuhusu kadi ya kulipia barabara kuu za kwao, kila asubuhi, mwanangu mdogo humjibu "waalaykum salaam".

Lakini kubwa lilikuwa msimu wa karafuu. Nikafanya mazoea ya Escudo, magunia juu ya kiti cha nyuma, wiki mbili mfululizo. Siku moja natoka Chake taa nyekundu yenye alama ya mshangao ikawaka, gari ikawa nzito haitaki mlima. Fundi wa kwanza kaitazama dakika tano akasema betri imekufa agiza nyengine, bei aliyonitajia nilitafuta pa kukaa. Nikaondoka nayo pole pole mpaka kwa kijana mmoja anayezijua hizi gari, yeye hakuuliza betri, kaniuliza "Ulipakia nini nyuma?" Akang'oa kiti. Kumbe pembeni ya kiti pale chini kuna tundu lenye feni, ndo linapopoza betri, na lilikuwa limeziba kabisa: vumbi, mchanga wa pwani, nyuzi za gunia, na makonyo, vile vijiti vya karafuu. Makonyo, jamani, nilitoa yapata kiganja kizima, gari yote inanukia. Akasafisha kwa brashi, akachomeka mashine akafuta taa, tukalipana pesa ya kawaida tu.

Kwa hiyo ukinunua ya mtumba, mwambie fundi akufungulie hiyo feni kabla hujatoa pesa, si rangi wala siti. Na nyuma pakia watu, si mizigo.

Kuiuza siiuzi. Karafuu za msimu huu nilikodi gari la ng'ombe mpaka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, mie nikawa nyuma na Aqua yangu mwendo wa ng'ombe, injini mara nyingi imejizima, kimya.