Mitumba ya Memorial, katambuga na ndoo yenye mfuniko: nilivyofungasha Moshi kwenda Unguja

Mdogo wangu ameolewa Unguja, anakaa Fuoni. Mwezi Machi alijifungua mtoto wake wa kwanza, na kwa kuwa magoti ya mama yetu hayamruhusu tena safari ndefu, nilikwenda mimi kumlea mzazi kwa wiki tatu. Karibu kila nilichobeba nilikinunua hapa Moshi siku chache kabla ya kupanda basi. Nimeamua kueleza kipi kilifaa na kipi kilinitesa, kwa sababu naona dada zetu wa huku wanavyokwenda kisiwani na masanduku kama lile nililobeba mimi safari ya kwanza, wakati wa harusi: jinzi mbili, sweta, viatu vya ngozi na taulo zito la kuogea. Jinzi ile moja niliifua Jumatatu, nikaivaa Jumatano bado ina unyevu mifukoni, na inanuka uvundo.

Sisi wa Moshi tunajiona tunalijua joto. Februari jua la hapa linachoma kweli, lakini jasho la Moshi linakauka. Unaanika shuka saa nne asubuhi, saa saba unaanua. Usiku hewa inateremka kutoka mlimani na unatafuta shuka la kujifunika. Unguja mwishoni mwa kaskazi, masika yakiwa yanakaribia, hewa yenyewe imeshiba maji. Jasho linatoka halina pa kwenda, linabaki mwilini na kwenye nguo, na usiku haupoi kwa kiasi cha kukusaidia. Ndiyo maana safari hii kila kitu nilikipima kwa jambo moja tu: kikilowa, kitachukua muda gani kukauka?

Nianze na soko la Memorial, maana hapo ndipo nilipopata vitu vilivyonifaa kuliko vyote, na kwa hela ndogo. Kuna kijana mmoja ana meza ya mashati ya kiume. Nilimwambia, "Kaka, nataka pamba, pamba kweli, naenda Unguja." Hakuhangaika na lebo. Alichovya kidole kwenye chupa yake ya maji ya kunywa, akadondosha tone juu ya shati la kwanza. Tone likakaa pale juu limeviringika, kama umande kwenye jani la gimbi. Akalisukuma pembeni. Shati la pili lilinywa tone papo hapo, doa likatambaa upana wa shilingi mia. "Hili chukua." La tatu lilimtia shaka, akachomoa uzi kwenye pindo la ndani na kuuwasha kiberiti. Uzi ukajikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge kidogo cheusi kigumu. "Hii ni plastiki, dada. Utachemka humo ndani." Kisha akachoma uzi wa lile la pili ili nione tofauti: uliwaka kama karatasi, ukanuka karatasi iliyoungua, jivu lake nilipoligusa likapotea.

Nilitoka na mashati matano, matatu ya pamba na mawili ya kitani, yote mikono mirefu, kwa shilingi 18,000. Watu waliniuliza kwa nini ya kiume. Ni mapana, hayashiki kwapa, upepo unapita katikati ya nguo na mwili. Mikono mirefu inakinga jua la mchana na mbu wa jioni, na mgeni ukipita mitaani Unguja ukiwa umejisitiri, unapokewa vizuri na wenyeji. Kitani kinajikunja sana. Anayependa nguo iliyonyooka muda wote hatakipenda. Lakini shati la kitani nililolifua baada ya magharibi na kulianika barazani, asubuhi nilikuwa nalivaa. Kasoro niliyoiona ni vifungo viwili vilivyolegea, na harufu ya mtumba iliyohitaji kufuliwa mara mbili. Kijana alinitahadharisha kuhusu hilo kabla sijalipa, na kwa hilo namheshimu.

Sasa dera. Hili nililinunua jipya, kwenye duka moja la nguo mjini ambalo sitalitaja, kwa shilingi 25,000. Muuzaji aliniapia kwamba ni pamba. Lilikuwa zuri, rangi ya zambarau, laini mkononi, nikaona aibu kuomba maji ya kudondosha. Nililivaa siku ya kuvuka. Ile boti ya mwendo wa kama saa mbili kutoka Dar ndani ina kiyoyozi kikali, kwa hiyo sikuhisi kitu. Nilipotoka bandarini Malindi nikaanza kutembea kutafuta usafiri, dera likanigandia mgongoni na mapajani kama karatasi iliyolowa. Kufika Fuoni, kiunoni na chini ya matiti palikuwa pameota vipele vidogo vyekundu vinavyochoma. Harara ile ilinichukua siku tano kupona, kwa maji baridi, kalamini na kulala na kanga tupu. Niliporudi Moshi nilikwenda na uzi wa dera lenyewe pamoja na kiberiti, nikawaonyesha kidonge cheusi. Waliniambia nguo ikishavaliwa hairudi. Hela yangu imekwenda, lakini nalisema hili ili mwingine asione aibu kama mimi: tone moja la maji halimharibii mtu nguo.

Kanga nilibeba doti mbili, na sitaki maneno mengi hapa kwa sababu kila mwanamke anazijua. Zifue nyumbani kwanza, mara mbili, mpaka ile wanga ya dukani itoke, la sivyo hazinywi maji. Zikishalainika zinakuwa taulo, shuka, mtandio, pazia la kubadilishia nguo, na za kujifunika kwenye kiyoyozi cha basi na cha boti. Taulo niliacha nyumbani, sikulikumbuka hata siku moja.

Ila kwenye habari ya kukauka, mwalimu wangu hakuwa sokoni. Alikuwa mama mkwe wa mdogo wangu. Mtoto mchanga ana nepi za kitambaa, na nepi zikianikwa asubuhi mvua inapita, unaanua, unaanika tena, inapita nyingine. Siku ya tatu nilianua nepi nikaanza kuzikunja. Akanishika mkono. "Mwanangu, hizo hazijakauka." Nikamwambia, "Zimekauka mama, zishike." Akachukua moja akaniwekea shavuni. Ilikuwa ya baridi. Kiganja changu kilikuwa kimelowa jasho, hakikuweza kunipa habari sahihi, lakini shavu lilihisi ule ubaridi wa maji yaliyobaki ndani ya uzi. Tangu siku hiyo kila nguo niliipima kwa shavu, na yeye akanionyesha pa kuanika: chini ya paa, upande ambao upepo unaingilia, nguo moja moja bila kugusana. Jioni aliwasha mkaa kidogo kwenye chetezo, akatia udi, akapitisha nguo zangu na za mzazi juu ya moshi ule, za mtoto akaziweka kando. Nilifikiri ni kwa ajili ya harufu nzuri tu. Joto lile linamalizia unyevu wa mwisho, na uvundo haupati nafasi.

Kwa hiyo kwenye sanduku lako weka kamba ya nailoni mita tano na vibanio vya nguo. Mimi nilinunua vibanio vya mbao vyenye waya, kumi na viwili kwa shilingi 1,500. Wiki ya pili waya zilishika kutu na kuacha alama za kahawia kwenye nepi tatu mpya, jambo lililoniuma. Chukua vya plastiki vitupu, visivyo na chuma chochote.

Viatu. Vile vya ngozi vya safari ya kwanza nilivikuta siku ya nne chini ya kitanda vimeota ukungu wa kijani, laini kama vumbi la unga. Safari hii nilikwenda kwa fundi Mmasai anayeketi pembeni ya barabara na rundo la matairi, akanipima mguu palepale, akanichongea katambuga kwa shilingi 12,000. Nilimwomba mikanda nayo iwe ya mpira wa tairi, isiwe ya ngozi, naye akaelewa sababu kabla sijamaliza kusema. Nilikanyaga nazo matope ya Fuoni, maji ya chumvi, sakafu ya bafuni, na ukizisuuza zinakauka ukiwa unatembea. Siku mbili za mwanzo zinachubua kidole kikubwa, kwa hiyo zivae nyumbani wiki nzima kabla ya safari. Na vile vimisumari vinavyoshika mikanda vimeanza kutu baada ya wiki tatu za chumvi. Nilirudi kwa fundi akanibadilishia viwili bila kunidai, akasema nyingine atanishonea kwa uzi wa nailoni. Kwa kazi hiyo nampa alama zote.

Yeboyebo za shilingi 3,000 zibebe hata kama hupangi kuogelea. Shemeji alitupeleka Paje Jumapili moja, maji yakiwa yamekupwa mbali sana, na kina mama wanaolima mwani wako kule ndani kabisa. Ukitaka kutembea kuwafuata, chini kuna matumbawe makali na wale viumbe weusi wenye miiba mirefu. Mama mmoja aliniangalia miguu kwanza ndipo akaniitikia salamu. "Umevaa viatu? Haya, njoo."

Kitu ambacho watu wa kwenye basi walinishangaa nacho ni ndoo. Ni ndoo ya lita 10 iliyokuwa ya rangi, yenye mfuniko unaobana, niliipata kwa wauza ndoo za mtumba kwa shilingi 4,000. Niliisugua kwa sabuni na majivu mpaka harufu ikaisha. Ndani niliweka chaja, karatasi za kliniki, pampasi za akiba, sabuni ya unga, na vile vipakiti vidogo vya chengachenga vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ambavyo nilivikusanya mwezi mzima kwa jirani mwenye duka la viatu. Vipakiti vile vinafyonza unyevu. Sabuni ya unga ya mdogo wangu, iliyokaa jikoni wazi, ilikuwa imegeuka jiwe. Yangu ilimwagika kama siku niliyoinunua. Mifuko ile ya rambo imepigwa marufuku Zanzibar na huku bara pia, kwa hiyo ukitaka pa kuficha kitu kisilowe, ndoo ni rafiki. Bandarini unaikalia ukisubiri boti, na nyumbani unafulia.

Mengine kwa haraka. Dawa ya kupaka ya mbu ipake mchana pia, usingoje jioni, kwa sababu mbu wanaoeneza homa ya dengue wanauma mchana. Poda ya watoto kwa ajili ya mapaja, hasa sisi wenye mapaja yanayosuguana. Ipake ukiwa umekauka kabisa, ukipaka kwenye jasho inageuka uji. Kitambulisho cha NIDA kiwe karibu, kwenye mkoba wa mkononi. Sweta acha.

Na ndizi mshare. Nilibeba kichane kizima kwa ajili ya mtori wa mzazi, nikiamini zitanitosha wiki nzima. Siku ya tatu zilianza kugeuka njano zote kwa mkupuo. Tukapika mtori mkubwa siku hiyohiyo, jirani watatu wakaitwa, mama mkwe akala sahani mbili na kuniuliza nyama ya namna ile inachemshwa kwa muda gani. Ukibeba mshare, zibebe mbichi kabisa, zilizokatwa siku ya safari, zisirundikane kwenye kiroba.

Mdogo wangu ananiomba niende tena Desemba. Kijana wa Memorial nimeshamwona, nimemwachia elfu tano ya kishika uchumba aniwekee mashati ya kitani akifungua belo jipya, na nimemwomba atafute na vya mtoto wa miezi tisa, pamba. Alichovya kidole kwenye chupa akacheka, akasema, "Ukija tutapima moja moja, dada."